Baba wa Mfano wa Sandvåg

Gunnvor alikuwa diwani wa Sandvåg kwa miaka minane. Paa la shule alilipigania yeye mpaka likaezekwa upya. Makabrasha ambayo wenzake waliyawekea vikombe vya kahawa juu, yeye aliyasoma. Hata alipojifungua mtoto wa tatu, Ylva, mji mzima ulijua mgombea umeya ni yeye.

Kisha mumewe, Terje, akachukua likizo ya uzazi.

Nchini Norwe hilo si jambo la ajabu. Kina baba wote huichukua. Lakini Terje alijua kubeba mtoto mahali panapoonekana. Gazeti la mji likampiga picha akikoroga uji, likamwita Baba wa Mfano. Uji wenyewe aliupika Gunnvor alfajiri. Kazi ya Terje ilikuwa kushika mwiko na kutabasamu. Kule chekechea walimu wakampigia makofi. Gunnvor, aliyepeleka watoto palepale miaka saba, hakuwahi kupigiwa hata kofi la mbu.

Ukafika mkutano wa chama wa kuteua mgombea umeya. Oddvar, mwenyekiti wa tawi, alikuja na beji ya usawa wa kijinsia kifuani.

"Dada Gunnvor, wewe ni jembe," alisema. "Ila una mtoto mchanga. Hatutaki kukuchosha."

"Terje naye ana mtoto mchanga. Ni huyohuyo."

"Ndiyo maana wapiga kura wanampenda!"

Ukumbi ukacheka. Terje, mwanachama wa miezi mitatu, akapitishwa.

"Bila mke wangu nisingefika hapa," alisema, machozi yakimlengalenga. Gunnvor aliona walau hapo hakudanganya.

Nyumbani Terje akambembeleza. "Usinune, mama. Umeya ni wetu sote. Wewe utaandika hotuba, mimi nitazisoma."

"Na Ylva?"

"Si upo?"

Gunnvor hakununa. Alikihama chama, akazunguka na wakunga wawili na nahodha mmoja mstaafu wakikusanya saini, wakaunda orodha yao ya wagombea udiwani. Watu wakamsema kwamba ametelekeza watoto kwa uchu wa madaraka. Uchaguzi ulipofanyika Septemba, Terje akawa meya. Orodha ya Gunnvor ikapata viti vinne barazani.

Kikao cha kwanza kizito kilihusu kufunga kituo cha wakunga. Meya na wenzake walitaka kifungwe, na walikuwa na ziada ya kura moja tu. Kabla ya kupiga kura, simu ya Gunnvor ikalia: chekechea wanasema Ylva ana homa, aje amchukue.

Gunnvor akapita katikati ya ukumbi, akaiweka simu mbele ya meya.

"Ni yako hii, Baba wa Mfano."

Terje akaangaza macho kumtafuta wa kumtuma. Kamera za gazeti zilikuwa zinamtazama. Akavaa koti, akatoka akipunga mkono, na ukumbi ukamshangilia, Oddvar kwa sauti kuliko wote, mpaka alipokumbuka kuhesabu. Kura zikagongana. Kwa kanuni za mji ule hoja ikaanguka, na kituo kikabaki.

Jioni Terje alikuwa sebuleni, mtoto akilia begani.

"Umenivizia," alisema.

"Nimekupa simu ya mwanao tu."

Terje akafungua droo moja, akaifunga. "Dawa ya homa iko wapi?"

"Ilipokuwa miaka yote," Gunnvor alijibu, akaketi kula.