Jina Lililorukwa Bangoni

…kwa sababu aliyaandika majina yote, Konadu anajua aliyaandika yote, aliyafuata kwa kidole kwenye karatasi waliyoileta wenyewe Jumatatu, watoto saba wa marehemu Maame Pokuaa, kuanzia wa kwanza hadi kitinda mimba, na Sumina alikuwemo, wa tano, jina kama hilo halisahauliki, maana yake Jalala, nani anamwita mwanawe Jalala kama si mama aliyekwisha kuzika mtoto, anayetaka kifo kipite mlangoni kione takataka tu kiende zake… na sasa Sumina mwenyewe kasimama mbele ya kaunta na shati lake jeusi la msiba, mtu mzima wa miaka hamsini, "Mabango arobaini ya msiba! Mtaa wa Asafo wote, Suame wote, na jina langu hakuna! Mimi niliyemwogesha mama miaka miwili!", na kaka yake mkubwa, Agyekum, anagonga meza, "Kwani uliniona mimi nimekalia kompyuta?", "Hukukaa, ulimlipa huyu binti! Leo bangoni, kesho kwenye nyumba, nakujua!", huyu binti ndiye yeye, Konadu, amelipwa, yeye ambaye hata kenkey ya asubuhi hajala kwa wasiwasi, uso unamwaka, angependa ardhi ipasuke lakini sakafu ni zege, na bosi wake Gyamfi anajifanya anatafuta miwani aliyoivaa, "Jamani, taratibu, kompyuta haina ukoo, itamchukiaje mtu?", ila jicho la bosi linamwambia mengine, linamwambia yale ya mwezi uliopita, likitokea kosa la tatu, binti, wewe na programu yako mtatoka kwa mlango mmoja, namrudisha fundi wangu wa brashi… na hili ni la tatu. La kwanza lilikuwa la familia ya Mampong, jina la Adoma, la pili la watu wa Bekwai, na mara zote mbili aliambiwa hukuandika, akakubali, akaomba radhi, akalia chooni, kumbe aliandika, karatasi anazo, majina yaliingia na hayakutoka, basi yanakwenda wapi, programu ni yake mwenyewe, miezi minne ameitunga kwa JavaScript, inayapokea majina katika safu moja, kisha kitanzi, ile amri inayojirudia, kinapita kwenye safu jina moja moja, huyu yu hai, mwandike juu, huyu yu hai, mwandike, huyu amefariki, mwondoe safuni, mshushe kwenye kisanduku cheusi cha waliotangulia, haya, anayefuata, ni jambo la mtoto wa shule, na aliijaribu, Mungu shahidi, aliijaribu kwa majina ya kwao nyumbani, watoto sita, wakatoka wote sita… "Jumamosi utambeba mama peke yako," Sumina anasema, na sasa hapigi kelele, hilo ndilo baya, "mimi sitakanyaga pale, watu waulize huyu ni nani, jina lake mbona halipo", na Agyekum anashika kichwa, "Sumina, mdogo wangu, naapa kwa mama aliye kwenye barafu ya mochari", "Usiape kwa mama! Hata Manu yupo! Manu aliyekufa ana miaka mitatu mmemweka hapo chini, mimi niliye hai sipo!"

Manu yupo… Manu yupo, kweli, ndani ya kisanduku cheusi, peke yake, na Manu ni wa nne, na wa tano ni Sumina, ngoja, wa nne amefariki na wa tano hayupo, ngoja kwanza, na Adoma wa Mampong, Adoma alimfuata nani, alimfuata Kofi, na Kofi alikuwa na msalaba wa marehemu, na wale wa Bekwai, pacha mmoja amefariki, aliyepotea ni pacha wa pili… anayemfuata marehemu, kila mara ni anayemfuata marehemu, na kwao Konadu hakuna aliyefariki, wote sita wazima, ndiyo maana, ndiyo maana! Benchi la kliniki. Alikuwa mdogo, amekaa na mama yake, nesi anaita kwa viti, kiti cha tatu, kiti cha nne, na wa nne akiinuka watu wote wanasogea, kila tako kiti kimoja mbele, wa tano sasa yuko kiti cha nne, na nesi bila kuinua uso anaita kiti cha tano, na mama anasema we nesi, mbona umemruka huyu… kitanzi hakioni majina, kinashika namba za viti, kilimwondoa Manu, safu ikasogea, Sumina akakalia kiti cha Manu, na kitanzi kilikuwa kimeshamaliza na kiti hicho, kikaenda zake. Ee Mungu wangu. Nimeipunguza safu huku naipitia! Mwalimu wa kozi aliwaambia hata hilo, usilikate benchi ambalo watu wamelikalia, na yeye siku hiyo alikuwa anasinzia, na dawa yake ni mstari mmoja, chuja walio hai kwenye safu mpya, ya zamani iache nzima, kila mtu na kiti chake, basi, mstari mmoja! Bado wanagombana, "Nyumba umeitaka tangu zamani", "Nyumba gani, paa lenyewe linavuja", bosi bado na miwani yake, na Konadu kifua kimemjaa furaha hadi anaogopa kucheka mbele ya wafiwa, hakuna aliyelipwa, Agyekum hakumfuta mdogo wake, hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyemchukia Sumina, alisogea tu kuziba pengo la nduguye, na Jumamosi watambeba mama pamoja, kwa sababu kosa ni la Konadu, lake tupu, analijua jina lake na mahali linapokaa, na Kumasi nzima hajawahi kutokea mtu mwenye kosa aliyefurahi namna hii, anavuta kiti cha plastiki, anapanda juu yake ili wamwone, anavuta pumzi, na neno la kwanza tayari liko ulimini, ni mimi.