Msumari Mpya Kwenye Jambia la Kale

Abdulatifu alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya kale mjini Tabora: milango ya nakshi, masanduku ya mbao, redio za mababu. Kundi lake la WhatsApp lilikuwa na wanunuzi mpaka Unguja, na humo neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Akisema kitu ni feki, hakuna aliyekigusa.

Mwaka huu alinunua jambia mtandaoni kutoka kwa Paskazia, mama mjane wa Igalula. Paskazia aliandika kwamba lilikuwa la marehemu baba yake. Babu wa baba huyo, mpagazi wa misafara, alipewa na mkuu wa msafara baada ya kumuuguza njiani. Jambia lilipofika, Abdulatifu aliligeuza mara moja tu, akaona msumari mpya wa dukani kwenye mpini. Likamtosha hilo. Akampa mkewe, Batuli, simu amrekodi.

"Si umpigie kwanza umuulize?" Batuli akasema.

"Nimuulize tapeli? Rekodi."

Akapiga tupa bapa la jambia mpaka chuma kikang'aa. "Mnaona? Chuma cha juzi hiki! Na mpagazi gani angepewa jambia? Muuzaji ndiye huyu, jihadharini naye." Akaituma video kundini pamoja na picha ya Paskazia. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imefika Igalula.

Jioni, akitafuta ubovu zaidi wa kuonyesha, aling'oa ule msumari na kuufungua mpini. Hakurekodi tena. Ndani, mti ulikuwa mweusi kwa jasho la mikono ya watu, na ulikuwa na matundu ya misumari ya zamani, yamezibwa kwa vijiti. Chuma kilichojificha mle kilikuwa na alama za nyundo, na kutu ilikuwa imekila taratibu. Jambia lilikuwa limetumika na kutengenezwa, kizazi baada ya kizazi. Na chuma chochote kikipigwa tupa hung'aa. Alilijua hilo hata alipokuwa akirekodiwa.

"Vipi?" Batuli akauliza.

"Ni la kweli."

Batuli akamwekea simu mbele yake. Akaenda kuinjika chai.

Abdulatifu aliifuta video, lakini ilikwishasambaa. Akaandika kundini kwamba amekosea. Mmoja akatuma kicheko, wengine wakaendelea na habari za masanduku. Jumatatu iliyofuata akapanda basi la Igalula.

Alimkuta Paskazia barazani akibangua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu." Akamtazama. "Sauti yako naijua."

Abdulatifu alieleza yote, macho chini. Paskazia hakumkatiza mpaka alipotaja msumari.

"Aliununua kaka yangu, Sixbert, baba alipokuwa mgonjwa. Ungeniuliza ningekwambia." Kisha akaziweka karanga kando. "Kwa hiyo baba hakuwa mwongo?"

"Hakuwa, mama. Mwongo ni mimi."

"Hapa wananiita Mama Feki. Hayo nayavumilia. Lakini Jumapili kanisani nilishindwa kumwombea. Nilisema moyoni, baba, umetudanganya maisha yote."

Abdulatifu akafungua mfuko wake. Akalitoa jambia, akamrudishia bila kudai kitu. Paskazia akapitisha kidole pale palipokwanguliwa.

"Hapa ndipo alipokuwa akipapasa akitusimulia," alisema. "Sasa pamekuwa pageni."

"Nisamehe, mama."

"Nenda kwanza stesheni ukamwambie Sixbert, na wale anaocheza nao drafti. Mimi hawatanisikiliza. Tangu video yako hata yeye hakanyagi hapa."

Akaenda. Akasimama mbele yao, akasema kwamba jambia ni la kweli, na kwamba alimchafua mama wa watu kwa kiburi chake.

"Si wewe uliyesema ni feki?" mmoja akauliza. "Leo tukuamini kwa lipi?"

Abdulatifu akaanza tena kusimulia tangu mwanzo, huku wakimcheka, mpaka Sixbert alipoziacha kete zake na kushika njia ya kwa dada yake bila kumtazama.