Posa Siku ya Mtoano

Modestus alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali nzima aliyofanyia kazi mjini Houston isingeweza kuutibu: hakuweza kumnyima mtu jibu analotaka kulisikia. Ukimuuliza kama wali wako umeiva, atakwambia umeiva vizuri sana, na huku anatafuna mchele. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mfamasia, anaishi Pearland, na watu walimpenda. Mtu wa namna hiyo nani asimpende? Mmoja tu ndiye aliyeiogopa tabia ile, na huyo ndiye ambaye Modestus alitaka kumwoa.

Flaviana aliishi Arlington, mwendo wa saa nne na ushee kwa gari, nyumbani kwa mjomba wake, mzee Elirehema. Baba yake alishafariki. Baba huyo, Flaviana alimsimulia Modestus siku moja, alikuwa mcheshi wa mtaa mzima kule Moshi. Aliwaitikia watu wote mambo yote, na nyumbani mkewe na watoto hawakujua lipi alilosema ni la kweli.

"Umaskini naweza," Flaviana alimwambia. "Hasira naweza. Ila mtu ambaye sijui nishike lipi, huyo siwezi."

Modestus akasema anamwelewa kabisa. Angesema nini kingine?

Sasa, ukiacha Flaviana, kulikuwa na jambo moja lililomkosesha Modestus usingizi kila majira ya baridi, nalo ni ligi ya fantasi ya mpira wa Kimarekani. Walikuwa kumi na mmoja, Watanzania na Wakenya, wengine Houston, wengine Dallas na Fort Worth, na aliyewaongoza kwa barua pepe ni Mkenya mmoja aitwaye Nyaga. Msimu wa kawaida ukiisha, timu kumi na mbili huingia kwenye mtoano, kila mwanaligi anateua kwa zamu wachezaji wanne. Mchezaji wako akifunga au akisogeza mpira uwanjani, wewe unapata pointi. Timu yake ikifungwa, huyo mchezaji kwako amekufa. Hana pointi tena mpaka mwakani. Kwa hiyo ujanja wote ni kubashiri nani atakaa hai muda mrefu.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 walipiga kura ya zamu, na Modestus akaangukia ya mwisho. Zamu yake ilipofika, wachezaji wote wa maana wa Dallas na New England walikuwa wamekwisha. Akabaki na New York: mrushaji wao, mdakaji wao, mkimbiaji wao, na ngome yao nzima, ambayo kwenye ligi ile huhesabiwa kama mchezaji mmoja. Mayai yote kapu moja, tena kapu ambalo hakuna aliyelitaka. Nyaga aliwaandikia wote: "Wazee, tumuombee Modestus, amejizika mwenyewe."

New York wakaenda Tampa, wakashinda. Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Dallas, nyumbani kwa Dallas, Jumapili ya tarehe kumi na tatu Januari, saa tisa na nusu alasiri. Na Jumapili hiyohiyo ndiyo siku ya kupeleka posa kwa mzee Elirehema.

Usimlaumu kwa hilo. Tarehe aliipanga mzee mwenyewe mwezi wa kumi na moja, wakati hakuna aliyejua nani atacheza na nani. Na posa haiahirishwi hivihivi. Ukiahirisha, watu wanaanza kuuliza kuna nini. Kwa desturi Modestus angebaki kwake, barua akaipeleka mshenga. Lakini mzee alisema huku ugenini yeye hataki barua ya mtu asiyemjua sura. Mshenga aje, na kijana naye aje.

Na mzee huyo alikuwa mtu wa Dallas hasa. Alifika Texas mwaka 1981 kusomea uhandisi, na majira yake ya kwanza ya baridi, akiwa peke yake chumbani, jirani alimgongea mlango akamwita waangalie mechi. Tangu siku hiyo Dallas ikifungwa hali chakula cha jioni. Ligi za fantasi alikuwa amezisikia, akaziita mpira wa makaratasi.

"Mwambie tu," Flaviana alimwambia Modestus kwenye simu siku ya Alhamisi. "Ukifika, mwambie mjomba una watu wa New York. Atakutania, atakunyima nyama, yataisha. Utani wa timu anaujua."

"Nitamwambia."

"Modestus."

"Nitamwambia, Flaviana. Haki tena."

Ijumaa akaenda dukani akanunua jezi ya Dallas. Jamani. Mtu na akili zake.

Mshenga wake alikuwa Deo, mtu wa makamo aliyefanya kazi maabara pale pale hospitalini. Deo mpira wa Kimarekani hakuujua hata kidogo. Alisema ni watu wazima wanagombea embe. Lakini waliposimama njiani, mji wa Corsicana, kujaza mafuta na Modestus akavua koti, hata yeye alishtuka.

"Hiyo nini? Si uliniambia watu wako ni New York?"

"Ni heshima kwa mzee, kaka Deo."

"Heshima ni kumvalia suti."

Modestus akacheka, akarudisha koti. Njia yote iliyobaki alikuwa akijipanga: atamwambia mzee akishasalimia. Hapana, wakishakula. Hapana, timu zikiwa zinaingia uwanjani, ndipo utani unapokolea.

Walifika saa saba, mzee na mkewe Melania wakiwa wamerudi kanisani. Modestus alivua koti mlangoni, akaamkia: "Shikamoo mzee." Mzee hakuitikia mara moja. Aliiona jezi. Uso ukamchanua.

"Melania, njoo umwone kijana. Huyu amelelewa vizuri huyu."

Flaviana alitokea jikoni na sinia la juisi. Akaiangalia jezi, akamwangalia mwenye jezi, akasema, "Karibuni," akarudi jikoni. Baadaye alipokuja kuwanawisha mikono kabla ya chakula, aliinama karibu na Modestus akimmiminia maji.

"Bado hujamwambia," alinong'ona.

"Nasubiri nafasi."

Walikula ndizi na nyama. Deo akatoa barua ya posa, bahasha ya kaki iliyofungwa vizuri, akaiweka juu ya kabati la vyombo kwa unyenyekevu wote wa mshenga. Mzee hakuigusa. Alisema barua itasomwa baada ya mechi, kwa sababu anataka kuisoma akiwa na moyo mweupe. Dallas walishawafunga New York mara mbili msimu ule, kwa hiyo moyo mweupe aliuhesabu kuwa wa uhakika.

Mechi ikaanza. Dakika chache tu, mrushaji wa New York akampa mdakaji pasi, yule bwana akakimbia nayo mpaka mwisho wa uwanja, yadi hamsini na mbili, akafunga. Mrushaji wa Modestus, mdakaji wa Modestus. Pointi zilimiminika kichwani mwake mpaka akashindwa kuzijumlisha. Aliuma ulimi. Kisha akapiga paja, akasema, "Aa, ngome yetu imelala."

Yetu. Deo aligeuka akamtazama, kisha akaendelea kuchokoa meno.

Dallas wakasawazisha, wakaongoza, mzee akasimama akacheza kidogo mbele ya televisheni, na Modestus akasimama naye wakapigana viganja. Moyoni alikuwa anaumwa. Kabla tu ya mapumziko, mdakaji wake akafunga tena: kumi na nne kwa kumi na nne. Ikabidi aende msalani akafunge mlango, acheke peke yake na kioo.

Wakati wa mapumziko mzee alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mwenzake. Flaviana alikuwa anaondoa sahani mezani.

"Hebu niambie," mzee alisema, "wewe Dallas ulianza kuipenda lini?"

Nafasi ndiyo hiyo. Aliyokuwa akiisubiri tangu Corsicana imeletwa mpaka mkononi. Flaviana alisimama na sahani zake, hakwenda. Modestus alimtazama mzee, akaona jinsi alivyokaa mbele ukingoni mwa kochi akingoja kusikia.

"Tangu nifike nchi hii, mzee. Mwaka wa tisa sasa."

"Unaona," mzee alimwambia mkewe.

Flaviana akapeleka sahani jikoni. Kwa muda mrefu yakasikika maji ya bomba tu.

Robo ya tatu Dallas wakaongeza pointi tatu. Robo ya nne ilipoanza, mkimbiaji wa New York, wa Modestus, akajitumbukiza eneo la mwisho na mpira kifuani: ishirini na moja kwa kumi na saba. Baada ya hapo hakuna aliyefunga. Mzee alikaa roho juu. Melania alikuja akasimama mlangoni, Flaviana nyuma yake. Kila Dallas waliposogea, Modestus alisema "twende, twende" kwa sauti, na kimoyomoyo alikuwa akimwomba Mungu wasifike. Indianapolis, timu iliyoteuliwa na wengi, walishang'oka mchana uleule. Dallas nao wakianguka, hakuna katika wale kumi na mmoja atakayebaki na wachezaji wote wanne hai, isipokuwa yeye. Yeye aliyeombewa kama marehemu.

Jaribio la mwisho, saa imebakiza sekunde chache. Mrushaji wa Dallas akarusha mpira mpaka eneo la mwisho. Ukadakwa. Na mtu wa New York.

Mechi ikaishia hapo. Modestus aliinamisha kichwa upesi, kwa sababu mdomo ulikuwa unamponyoka, na mara machozi yakamtoka. Ya furaha, nakwambia, furaha tupu, ya mtu aliyezikwa mchana akafufuka jioni. Alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakamtikisika, akashindwa kuyazuia.

Akahisi mkono mgongoni.

"Pole, mwanangu," alisema mzee Elirehema. Sauti yake nayo ilikuwa nzito. "Pole. Tutarudi mwakani."

Mzee alizima televisheni. Alikaa kidogo, akafuta macho, kisha akazungumza na chumba kizima.

"Mimi nina miaka ishirini na saba hapa. Dallas wakifungwa, rafiki zangu hunipigia simu kunicheka, na mke wangu huniuliza kama nataka chai. Sijawahi kupata mtu wa kuumia nami. Leo huyu kijana amekaa ndani mwangu, kitu kikaniuma mimi, akalia yeye. Sasa mimi ninataka nini kingine? Mshenga, lete barua."

Deo aliinuka akaileta kwa mikono miwili. Modestus alikuwa ameshanyanyua uso, macho mekundu, na kichwani alikuwa anahesabu bahati ya siku moja. Pointi zake, na barua yake.

Mzee alishika bahasha bila kuifungua. "Flaviana, njoo hapa."

Flaviana akaja, akisuguasugua mikono kwenye kanga.

"Mwanangu, barua hii imeletwa nyumbani kwa adabu. Mimi nimeridhika, mama yako Melania hapa ameridhika. Lakini haifunguliwi mpaka wewe useme. Unamfahamu huyu? Tuifungue?"

"Namfahamu, mjomba." Akaacha kusugua mikono. "Ila kabla hujaifungua, muulize alikuwa analilia nini."

Mzee akatabasamu. "Swali gani hilo? Wote tumeona."

"Muulize tu, mjomba. Naomba."

Mzee akamgeukia Modestus, akiwa bado na tabasamu. Flaviana naye alimwangalia. Hakuwa na hasira usoni. Alimwangalia kama mtu anayemshikia mwenzake mlango na kumwomba apite. Neno moja lilitosha. Mzee angeudhika, pengine angemfukuza mpaka wiki ijayo, pengine angecheka mpaka akohoe. Lakini neno moja lilitosha, na Modestus alilijua, lilikuwa limeshafika kooni. Kisha akaona macho ya mzee, bado yana unyevu, yakingoja kusikia jambo moja tu.

"Nilikuwa nailia Dallas, mzee," alisema. "Imeniuma sana."

Flaviana alishusha pumzi. Alimsogelea mjomba wake, akapiga goti kidogo, akaichukua ile bahasha mikononi mwake, akampelekea Deo.

"Baba, mrudi nayo," alimwambia. "Huko mkiulizwa, semeni ni mimi niliyekataa. Mjomba alikubali."

"Flaviana," alisema mzee, amebaki mikono wazi. "Kwa nini, mama?"

"Siku moja nitafiwa, mjomba. Huyu atakaa pembeni yangu analia, nami sitajua analia nini."

Hapo ndipo Modestus alipoanza kusema kweli. Aliisema yote, tangu kura ya zamu mpaka Tampa mpaka jezi ya Ijumaa, aliisema vizuri bila kuficha hata kitu kimoja, na mzee Elirehema alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Deo alikuwa ameshavaa koti.