Mto Uliopungua Kwenye Hesabu

Maabara nzima pale mjini Daejeon ilishajua kwamba jioni kuna nyama ya nguruwe na pombe ya soju, kusherehekea ripoti ambayo Seol Ha-yeong hata hajaipigia muhuri. Yeye ndiye aliyepewa kuzipima chipu mpya za kumbukumbu ya kompyuta zilizoagizwa na ofisi ya bwawa, zinazofanya hesabu humo humo ndani bila kupeleka data kwenye prosesa. Hesabu ya mafuriko iliyokuwa ikila masaa tisa, sasa ilikwisha kwa mawili.

Ila Ha-yeong aliirudia mara nne mfululizo, bila kuzipumzisha. Kadiri chipu zilivyopata moto, ndivyo kina cha mto kilivyopungua kwenye majibu: mita tisa, nane, saba, sita. Mvua ni ile ile, na taa zote za kijani, kana kwamba hakuna kosa. Makosa hukaguliwa data inapopita njiani kwenda kwenye prosesa, na hapa hakuna kilichopita.

"Wewe hata harusini ungempima bwana harusi homa," Meneja Pyo alimcheka. "Wenzako wanapima mara moja. Piga muhuri, dada, tukale."

"Bosi, kule bwawani watapima mara moja? Masika haya mashine hazizimwi."

Pyo akaacha kucheka, akausukuma mlango ukajifunga. "Walishazifunga kwenye mashine zao juzi. Hazijapumzika tangu hapo."

"Na kesho mto wanautabiria mita ngapi?"

"Nne. Wamefurahi kweli. Wameamua wasiyafungulie maji kupunguza bwawa kabla ya mvua."

Ha-yeong akautia muhuri mfukoni, akaipigia ofisi ya bwawa. Simu iliita mpaka ikakatika. Watu wa bwawa nao walikuwa wameenda kula.