Sesna Isiyo na Dirisha la Nyuma

Kathini alifikiri babake angefurahi. Ile ndege ya plastiki ilikuwa mezani, imeshaunganishwa na gundi imekauka, ndogo ya kutosha kukaa viganjani. Ilikuwa zawadi kutoka kwa Kanyiva, binti yake Kathini anayefanya kazi Nairobi, ambaye tangu utotoni alisikia jinsi babu yake alivyokuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege kule Nuu.

Mzee Nyamai aliigeuza, akaitazama kwa nyuma, akairudisha mezani.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini si yetu."

"Baba, si ulisema ilikuwa Sesna?"

"Ni Sesna, lakini hii ni ya juzi. Yetu mkia wake ulisimama wima, haukulala nyuma hivi. Na hapa nyuma ya viti hapakuwa na dirisha. Palikuwa pamezibwa, mgongo mmoja mpaka mkiani."

Kathini alitaka kumwambia kwamba hakuna atakayeona tofauti. Lakini jinsi mzee alivyoisukuma kando polepole ilimuuma. Jioni hiyo, aliposhuka kutoka kwa babake kwenye milima ya Kilungu kurudi mjini Wote, aliifunga ndege kwa leso akaondoka nayo.

Kathini hutengeneza meno bandia. Kila siku saa ya chakula cha mchana alisogeza kazi za wateja kando, akaishika ndege. Aliukata mkia kwa mashine ndogo ya kusagia meno bandia, akachonga mwingine, ulionyooka, kutoka kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Dirisha la nyuma alilitoa, akaziba pengo kwa ule unga wa waridi wa kutengenezea fizi, kisha akapiga msasa. Kwa siku mbili ndege ilikuwa na mgongo wa rangi ya fizi, na wenzake wakamcheka.

Kabla ya kupaka rangi alipiga simu.

"Baba, ule mstari mwekundu uliotusimulia, ulipita wapi?"

"Chini ya mlango. Na matairi hayakuwa na vifuniko. Vilikuwa vikijaa matope, rubani akaving'oa."

Kathini akaving'oa pia.

Jumamosi ya tatu alipanda nayo Kilungu. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, kutoka kwa viti hadi mkiani.

"Mama yako alinicheka kwa sababu ya mgongo huu," akasema.

"Mama?"

"Alikuwa akiwauzia chai watu waliokuja kungoja daktari aliyeletwa na ndege. Mwaka mzima nilikuwa naogopa hata kumsalimu. Sasa mimi, kila ndege ikiondoka, nilisimama nyuma yake nikimpungia rubani mkono mpaka ipotee. Siku moja mama yako, Mutindi, akaniita. 'Wewe kijana, unampungia nani? Yule hana dirisha huko nyuma!'"

Kathini alikaa. "Mlituambia mlikutana kanisani."

"Kanisani tulioana. Mama yako hakutaka mjue kwamba yeye ndiye aliyeanza kuongea."

Kathini alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipomtoka hakuweza kuyazuia. Mamake aliyemjua yeye, aliyezikwa miaka sita iliyopita, alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu wa kukunja uso ukichelewa maombi. Huyu msichana wa kuchokoza vijana kiwanjani hakuwahi kumwona.

Simu ikalia. Alikuwa mtu wa bodaboda, akiuliza kama aje kumchukua.

"Leo usije," Kathini akamwambia. "Nitalala huku."

Akavuta kiti karibu na cha babake.

"Siku hiyo alikuwa amevaa nini?"

"Gauni la kijani," mzee akasema bila kufikiri. "Na viatu vya kakake. Vilikuwa vikubwa, akavijaza magazeti."