Maabara ya Kutazamwa

Jengo la sekondari lilipokwisha kukarabatiwa, mkuu wa shule alipita chumba kwa chumba na onyo moja tu: msiguse. Wanafunzi hawakukawia kumbandika jina, Usiguse, likamganda kama kupe. Ubao wa kielektroniki ulifunikwa shuka. Maabara ikatiwa kufuli, stuli zake zingali ndani ya nailoni ya dukani.

Mwalimu wa kemia aliendelea na chaki yake katika chumba cha pili, akichora bureti ubaoni, ilhali bureti zenyewe arobaini, mirija mizuri ya glasi ya kupimia asidi, zilikaa bure ng'ambo ya ukuta. Mwaka mzima! Mtihani wa vitendo ulikuwa Jumatatu ijayo, na kila alipoomba ufunguo alijibiwa, "Subiri kwanza wageni waje waone, mama. Hawa watoto wataharibu."

Wageni walikuja Alhamisi. Usiguse alimwagiza mwalimu achanganye maji na rangi ya keki, ajaze chupa, ajifanye somo linaendelea. Naye akachanganya. Hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko yote: mikono yake mwenyewe, imegeuka zambarau kwa uongo wa mtu mwingine. Wanafunzi wakavishwa makoti meupe yenye mikunjo ya boksi, wakapangwa mezani kama sanamu za duka la nguo.

"Jengo hili, mheshimiwa, limetuletea ufundishaji wa kisasa," Usiguse alimwambia mkaguzi, huku akifuta alama ya kidole mezani kwa leso. "Mwanafunzi wa hapa hakariri. Anatenda."

Mwalimu alitamani kutema mate. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

Mkaguzi alimgeukia binti aliyesimama mbele, yule anayeongoza darasa tangu kidato cha kwanza. "Haya, mwanangu, nionyeshe unavyoidondosha asidi tone kwa tone."

Binti aliishika bureti kwa mikono miwili, kama aliyepewa kichanga cha watu. Akaitazama juu, akaitazama chini.

"Woga tu huo," Usiguse akacheka. "Wageni mmemtisha."

"Si woga," mwalimu alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hajawahi kuishika. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi. Na humo chupani ni rangi ya keki, nimeitia mimi."

Alivuta stuli, akaichana nailoni kwa kucha, kelele ikajaa chumba. Usiguse alifumba macho kana kwamba anachanwa yeye.

"Kaa, mama," mwalimu akamwambia binti. "Tunaanza sasa hivi. Mheshimiwa atatusubiri."

Binti alikaa. Kanuni zote alikuwa nazo kichwani. Mtihani wa nadharia alipata tisini na nane. Akaipapasa ile glasi kwa kidole, kisha akainua macho yaliyojaa machozi.

"Samahani, mwalimu," alinong'ona. "Inafunguliwa wapi?"