Mjane Kwenye Hema la Askofu

Jiwe lilimwangukia Muthoka siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye machimbo ya Lukenya. Jumamosi yake kaka yake, Padri Henry Masila, alikuwa awekwe wakfu kuwa askofu msaidizi mjini Machakos.

Syokau, mke wa Muthoka, alikuwa ameketi nje ya mochari, viatu vya mumewe mapajani, Mzee Ngui alipomjia. Ngui alikuwa baba mdogo wa marehemu.

"Mama, tumekaa kama ukoo," alisema. "Mama mkwe wako akisikia leo, hatafika Jumamosi. Ako na presha, unajua. Wacha kwanza amwone huyu mwanawe mwingine akipakwa mafuta. Jumapili tutawaambia wote wawili, yeye na Padri."

"Na akiniuliza?"

"Sema ako kazi."

Syokau hakukubali wala hakukataa. Alikuwa hajalala, hajala, na mtu aliyezoea kushauriana naye alikuwa ndani ya friji. Ukoo ukachukua kimya chake kuwa ndiyo.

Jumamosi uwanja ulifurika hadi watu wakakalia ukuta. Kwenye hema la familia, Syokau aliketishwa safu ya mbele, amevaa kitenge cha sare, kando ya mama mkwe wake Nzilani, ambaye nyumba nzima ilimwita Mwaitu, yaani mama. Mwaitu aligeuka tena na tena kutazama lango.

"Muthoka bado?"

"Ako kazi, Mwaitu."

"Hata leo? Hao watu wa mawe hawana Mungu?"

Wakati wa litania Masila alilala kifudifudi mbele ya altare, huku umati ukiwaita watakatifu kwa majina. Mabega yale mapana yalikuwa mabega ya Muthoka. Syokau alimtazama mtu yule aliyelala chini bila kusonga, akafumba macho mpaka waliposema ameinuka.

Maaskofu wakamwekea mikono, wakampaka mafuta, wakamvika pete na kofia. Ulipofika wakati wa kupeleka vipaji vya mkate na divai, Mwaitu alimvuta Syokau mkono.

"Simama, mwanangu. Hii siku ni yetu."

Akasimama, akacheza njia nzima hadi altareni, simu zikiwarekodi pande zote mbili.

Misa ilipoisha, askofu mpya alikuja moja kwa moja kwenye hema lao. Alimbariki mama yake, kisha akamwinamia Syokau.

"Ndugu yangu ako wapi?"

"Kazini, Baba Askofu."

Masila akacheka. "Mwambie nitamfuata huko huko Lukenya na hii kofia."

Chakula kilipopakuliwa, Mwaitu hakuanza kula. Alichagua vipande vya mbavu, akavitia kwenye bakuli lenye kifuniko, akamkabidhi Syokau. "Mpelekee. Hawa wageni hawatabakisha kitu."

Syokau alinyoosha mikono, vidole vikakataa kushika. Bakuli likaanguka, nyama zikamwagika kwenye nyasi.

"Mwaitu, Muthoka hayuko tena. Ni jiwe lilimwangukia. Alhamisi."

Mwaitu aliinama akaokota kipande kimoja, akakirudisha kwenye bakuli.

"Alhamisi," alisema. "Na umecheza."

"Nimecheza, Mwaitu."

"Na mimi ukaniacha nicheze."

Askofu aliitwa kutoka meza kuu. Alisikiliza amesimama, kisha akavua kile kikofia chake cha zambarau, akawa anakikunja na kukikunjua.

"Baba Askofu, hotuba za wageni bado," Ngui alinong'ona.

Masila alimpa mgongo. Alimshika mama yake mkono, wakaenda mochari jua likiwa bado kali, kichwa chake Masila bado kinanukia mafuta matakatifu. Syokau alifuata nyuma. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza.

Walimzika Muthoka nyumbani Kalama Ijumaa iliyofuata. Masila aliongoza ibada, lakini kaburini sauti ilimkatika, padri mwingine akamalizia. Kufikia siku hiyo video ya vipaji ilikuwa imezunguka kwenye simu za kijiji kizima, na watu walikuwa wamehesabu siku. Yule ndiye aliyecheza, walinong'onezana. Machozi yalimkataa Syokau, nalo hilo likasemwa.

Mwaitu hakumsemesha karibu mwezi mzima. Walichota maji tangi moja, wakapishana mlangoni kama wapangaji. Kisha asubuhi moja, Syokau akichambua ndengu kibarazani, Mwaitu alikuja akavuta kigoda, akachota gao moja na kuanza kuchambua naye.

"Siku hiyo alikula nini kabla ya kutoka?"

"Viazi vitamu na chai."

"Alishiba?"

Syokau alijua jibu ambalo lingemtuliza. "Hapana, Mwaitu. Alikuwa amechelewa. Alibeba kiazi kimoja mkononi, chai akaiacha nusu."

Mwaitu aliziweka ndengu chini, akajifunika uso kwa leso. Syokau alimsikia akilia, na yeye pia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, akalia.